Haki ya Njia: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, katibu wa chama cha msingi hukagua mzani, huhesabu magunia na vitabu vya stakabadhi, na huangalia kama paa la ghala linavuja. Ni nadra kwake kukagua njia. Njia huonekana kuwa kitu kilichopo tu, mfano wa mvua na jua: wazee waliikuta, watoto huipita kwenda shule, na mwanachama hupita nayo akiwa na mzigo wake kichwani bila ya kumwomba mtu ruhusa. Siku inapofungwa ndipo inapogundulika kwamba hakuna karatasi hata moja, si ofisini kwa chama, si kijijini wala wilayani, inayosema kwamba njia ile ni njia.

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa kahawa katika mteremko wa mlima, chenye mtambo mdogo wa kumenyea kahawa kando ya mto. Wanachama wa upande wa juu huufikia mtambo kwa kichochoro cha hatua mia mbili hivi kipitacho baina ya vihamba viwili, kati ya safu mbili za masale. Mwenye kihamba kimojawapo amefariki. Warithi wake wanaishi mjini, nao wamekiuza. Mnunuzi, ambaye si mzaliwa wa hapo, ameoneshwa pembe nne za eneo lake na hakuambiwa habari ya njia. Anajenga ua na kutia lango lenye kufuli. Kwa fikra zake hajamdhulumu mtu: amezungushia ua mali aliyoilipia. Wanachama sasa hawana budi kuzunguka kwa barabara ya gari, mwendo wa saa nzima wenye mzigo. Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi yapasa kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya gunia huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hushuka daraja na bei. Kwa hiyo kufuli moja limepunguza malipo ya wanachama wote wa upande ule, wala hakuna aliyeibiwa.

Je, mnunuzi huyo ana haki ya kufunga? Jibu hutegemea mambo mawili: njia ile ni ya namna gani, na imeandikwa wapi.

RUHUSA NA HAKI

Watu wawili waweza kupita katika shamba moja kila siku kwa miaka thelathini, mmoja akipita kwa ruhusa na mwingine kwa haki, na mtazamaji asione tofauti baina yao. Anayepita kwa ruhusa hupita kwa hisani ya mwenye shamba. Hisani hiyo yaweza kuondolewa wakati wowote, na aghalabu hufa pamoja na aliyeitoa. Anayepita kwa haki hamtegemei mtu. Mwenye shamba akifa, akiuza, akirithisha au akigombana naye, njia hubaki. Wanasheria husema kwamba haki ya namna hii hufuata ardhi, haifuati mtu.

Ugomvi mwingi wa njia vijijini hutokana na kuchanganya mambo haya mawili. Mpitaji huamini kwamba muda mrefu umekwisha kuigeuza ruhusa kuwa haki. Mwenye shamba huamini kwamba wema wa marehemu baba yake hauwezi kumfunga yeye. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ndiyo maana katibu anayetaka kutetea njia ya chama yampasa aulize kwanza ilianzaje. Je, ukoo uliotoa kiwanja cha ghala ulitoa na njia ya kukifikia? Je, njia ilikuwapo kabla ya mashamba yale kugawanywa? Au mwenye shamba wa zamani, kwa kuwa alikuwa mwanachama mwenzao, aliwaacha wapite tu? Majibu yamo vichwani mwa wazee wa kijiji, na kila mwaka unaopita idadi yao hupungua.

AINA ZA NJIA

Katika Tanzania Bara njia zote hazitawaliwi na kanuni moja. Iliyo wazi kuliko zote ni barabara ya umma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara katika za kitaifa, yaani barabara kuu na za mikoa, na za wilaya, ambazo ndani yake zimo hata barabara ndogo za jamii. Barabara huambatana na hifadhi yake. Kwa muda mrefu, chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1932, hifadhi ya barabara kubwa ilihesabiwa kuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya 2007 iliifikisha mita 30. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo iliyoleta zile alama za X zinazokumbukwa na wengi. Aliyekutwa ndani ya hifadhi ya zamani aliwekewa X nyekundu na hakustahili fidia. Aliyekutwa katika eneo lililoongezwa aliwekewa ya kijani, naye alistahili. Vyama vingi vilijenga maghala kando ya barabara ili lori lifike kwa urahisi, na ni busara kwa bodi kupima kwa futi kamba umbali wa ghala lake kutoka katikati ya barabara kabla mtu mwingine hajaja kupima.

Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Lakini kichochoro cha kwenda kwenye mtambo, kisimani, kwenye josho au kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kwa kawaida hakimo katika orodha ya barabara yoyote. Kisichokuwamo hakichongwi, na hakina hifadhi inayokilinda.

Aina ya pili ni haki ya njia ya umma inayowekwa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Hii nayo ina sura mbili. Moja ni mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaotumiwa na serikali au shirika kupitisha nyaya za umeme, mabomba na mfano wa hayo. Nyingine ni njia ya jumuiya, inayowekwa ili watu wote wapite. Maombi hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi, wenye ardhi na majirani hupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa, na anayepata hasara kwa sababu ya njia hiyo hustahili fidia. Mwenye ardhi hanyang'anywi ardhi yake. Hubaki nayo, ila haruhusiwi kuitumia kwa namna itakayowazuia wenye haki ya kupita.

Aina ya tatu ni haki binafsi ya kutumia ardhi ya jirani. Hapa kuna mashamba mawili: moja linafaidika, na jingine linabeba mzigo. Haki yenyewe yaweza kuwa ya kupita kwa miguu, kupitisha mnyama au gari, au kupitisha maji. Hutolewa kwa maandishi na mwenye ardhi inayobeba mzigo, kisha huandikishwa. Maandishi hayo yapasa kueleza haki ni ya namna gani, ina masharti gani, ni ya muda gani, na inahusu ardhi ipi kwa ipi. Ikishaandikishwa, mnunuzi wa baadaye huikuta katika daftari na hawezi kudai kwamba hakuijua.

Katika mfano wa mtambo wa kahawa, kichochoro cha masale chaweza kuwa cha aina ya pili au ya tatu. Na kama hakikuandikwa popote, chaweza kuwa ni hisani tu ya marehemu. Kabla ya kwenda barazani, chama lazima kijue kinadai kipi.

SHERIA ILIKOTOKA

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Ardhi, iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka ule ule ilitungwa sheria nyingine iliyoagiza kwamba umiliki na uhamishaji wa mali ya ardhi vifuate sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922. Hivyo nchi moja ikawa na mizani miwili. Mwenye hati, mwenye shamba kubwa au nyumba mjini, alikuwa na kanuni za Waingereza kuhusu njia, zenye umri wa karne nyingi. Mkulima wa kijijini alikuwa na mila zake, ambazo mahakama zilizitambua pale tu zilipothibitishwa.

Mila hizo hazikuwa dhaifu kama zinavyodhaniwa. Uchagani, mfereji uliochimbwa na ukoo mmoja ulipita katika vihamba vya watu wengi, wengine wasio wa ukoo huo, wala hakuna aliyeruhusiwa kuuziba kwa hoja kwamba unapita kwake. Ulikuwa na wazee wake, zamu zake za maji, siku zake za kuusafisha, na adhabu kwa asiyefika kazini. Mwenye kihamba aliyepitiwa na mfereji alibeba mzigo, lakini naye alifaidika na mifereji iliyopita kwa wengine kabla ya kumfikia. Hii ni haki kamili ya kutumia ardhi ya mwingine: ina mipaka, ina wajibu, na ina chombo cha kuamua pakitokea ugomvi. (Jaji wa London angeitambua bila taabu, ingawa angetafuta hati na kuoneshwa isale.) Upungufu wake ni mmoja. Ilitegemea watu wanaojuana. Mpaka wa masale humwambia mzaliwa wa pale kila kitu. Mgeni aliyenunua huona ua wa majani tu.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishiwa vijijini. Sehemu zenye watu wengi milimani hazikuvurugwa sana. Lakini katika mikoa mingi mashamba yaligawiwa upya kwa mistari, na mapito ya zamani yakajikuta katikati ya mashamba mapya. Miaka ya 1980 wenye mashamba ya asili walianza kudai kurudishiwa ardhi zao, na migogoro ikajaa mahakamani. Mwaka 1991 Rais aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sera ya Taifa ya Ardhi ilitoka mwaka 1995, na mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ile sheria ya kufuata Uingereza ya 1922 ikafutwa.

SHERIA YA VIJIJI INATOA NINI

Mambo matatu katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji yafaa yajulikane na kila katibu, kwa kuwa ndiyo silaha zilizo karibu naye.

La kwanza ni ardhi ya pamoja. Sheria inasema kwamba ardhi ambayo kabla ya sheria hiyo ilikuwa imetengwa na kijiji kwa matumizi ya pamoja, au iliyozoeleka kutumiwa na wanakijiji wote kwa desturi, itahesabiwa kuwa ardhi ya pamoja ya kijiji. Kwa njia za kale hili ni jambo kubwa. Chama kinachoweza kuthibitisha kwamba kichochoro kilikuwa kikitumiwa na kijiji kizima tangu kabla ya sheria hiyo, si na jirani mmoja tu, hakiombi hisani ya mtu. Kinaomba kijiji kitambue na kuandika jambo ambalo sheria imekwisha kulitambua.

La pili ni uhakiki. Kijiji kinapopima mashamba ili watu wapate Hati za Hakimiliki ya Kimila, huundwa kamati ya kijiji ya kuhakiki mipaka na madai. Kazi za kamati hiyo si kupanga mipaka peke yake. Sheria imeipa pia wajibu wa kutenga ardhi na kuandika njia zilizopo pamoja na haki nyingine za namna hiyo inazoona zinahitajika ili ardhi itumike vizuri, na kuangalia hata haki ambazo hakuna aliyejitokeza kuzidai. Katika zoezi la upimaji, akili za watu wote huwa kwenye shamba la kila mmoja: mpaka wangu uko wapi, jina langu limeandikwa sawasawa? Njia haina mwenyewe wa kuisemea. Wapimaji hupita na vifaa vyao, shamba hupakana na shamba, na pale palipokuwa na kichochoro pakabaki mstari mmoja. Hati zikishatolewa, kila jirani ana karatasi yenye mhuri inayoonesha kwamba hakuna njia. Mali bila daftari huisha bila habari, na njia ni mali.

La tatu ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ambao husimamiwa pia na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007. Hapa njia huweza kuchorwa kwa upana wake kabla ya mtu yeyote kupewa hati. Wafugaji wamelitambua hili mapema kuliko wakulima. Katika Wilaya ya Kiteto, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilikubaliana kuwa na mpango wa pamoja, ili malisho, maji na mapito ya mifugo yasikatwe na mpaka wa kijiji kimoja. Mfugaji hujua kwamba palio lililozibwa mahali pamoja limezibwa lote. Ndivyo ilivyo pia kwa njia ya kahawa, pamba au maziwa.

KAZI YA KATIBU

Kazi yenyewe si ya kitaalamu, bali ni ya subira. Katibu pamoja na wajumbe wawili watatu wa bodi waitembee kila njia inayotumiwa na wanachama kufikia mali ya chama, wakiwa na wazee wanaoifahamu na wenye mashamba yaliyo kando yake. Wachore mchoro wa mkono. Wapime upana kwa mita na waandike mahali unapobadilika. Waandike majina ya wenye mashamba ya kulia na kushoto, na nani alipewa shamba na nani. Wazee waeleze njia ilianza lini, na maelezo yao yaandikwe, yasomwe mbele yao, nao watie saini au dole gumba.

Upana na aina ya matumizi visipuuzwe. Njia nyingi zilianza kwa miguu. Leo mwanachama huja na toroli, na mwenye uwezo huleta pikipiki. Chama chenyewe hutaka pikapu ifike mtamboni. Haki ya kupita kwa miguu haimpi mtu haki ya kupitisha gari, na mwenye shamba anayekubali watu wapite kwa moyo mmoja aweza kukataa, na kwa haki kabisa, magurudumu yasikate migomba yake. Kama chama kinahitaji njia ya gari, kiseme tangu mwanzo, kilipe kinachostahili, na maandishi yataje gari. Kuomba njia ya miguu kwa nia ya kuipanua baadaye kimyakimya ndiyo mbegu ya kesi.

Baada ya hapo jambo lipelekwe Halmashauri ya Kijiji, na kutoka huko kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa sababu ugawaji na utengaji wa ardhi ya kijiji hauwezi kufanywa na Halmashauri pasipo idhini ya Mkutano Mkuu. Muhtasari wa mkutano uandikwe kwa maneno yasiyo na utata. "Mkutano ulizungumzia njia" hayatoshi. Yaandikwe mahali njia inapoanzia, inapoishia, upana wake na waipitao. Nakala moja ibaki masjala ya ardhi ya kijiji, moja iende Ofisi ya Ardhi ya Wilaya, na moja ikae katika jalada la chama pamoja na hati ya kiwanja cha ghala, kama hati hiyo ipo. Mara nyingi haipo. Viwanja vingi vya vyama vilitolewa na koo kwa neno la mdomo, na chama kinachodai njia ya kwenda kwenye kiwanja kisichokuwa na karatasi kinajenga ghorofa bila msingi. Sheria ya Vijiji inaruhusu chombo ambacho wengi wa wanachama wake ni raia kupewa haki miliki ya kimila. Kazi hizi mbili zifanywe pamoja.

Pale ambapo njia inapita katika shamba la mtu mmoja na kuwafaidia wachache, makubaliano ya hiari ya maandishi yatafaa zaidi. Yasainiwe na mume na mke wote wawili. Kama mwenye shamba amefariki, yasainiwe na msimamizi wa mirathi, si na mtoto mkubwa aliyekutwa nyumbani. Na mjane anayelima shamba lile aulizwe, ashirikishwe na aandikwe, kwa kuwa yeye ndiye anayeikanyaga njia ile kila siku na ndiye wa kwanza kugombanishwa nayo.

NJIA INAPOFUNGWA

Kufuli likishatiwa, wanachama wenye hasira hupendekeza kulivunja. Bodi isikubali. Anayevunja lango hugeuka mshitakiwa wa jinai, na shauri la njia hupotea ndani ya shauri la uharibifu wa mali.

Mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baada yake kuna Baraza la Kata. Yapasa ieleweke kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi. Husuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana hutoa cheti cha kuthibitisha hivyo, ndipo shauri lifunguliwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila ya usuluhishi, mlalamikaji aweza kwenda wilayani hata bila cheti. Makatibu ambao bado wanadhani kwamba Kata itaamua wanapoteza muda wa wanachama wao.

Usuluhishi si jambo la kudharauliwa katika mambo ya njia. Hukumu humpa mmoja ushindi, kisha mshindi na mshindwa huendelea kupakana maisha yao yote. Katika mfano wa mnunuzi na lango lake, shida yake huenda si watu kupita; huenda ni wizi wa ndizi usiku. Njia ikihamishiwa pembezoni mwa shamba, chama kikichangia ua wa upande mmoja, na lango likawa wazi tangu alfajiri hadi magharibi katika miezi ya mavuno, jambo laweza kwisha kwa kikao kimoja. Makubaliano hayo yaandikwe na kuwekwa masjala, vinginevyo yatakuwa hisani nyingine.

YANAYOHITAJI KUREKEBISHWA

Sheria za 1999 zilikuwa hatua kubwa, lakini katika suala la njia zina mapengo ambayo vyama vya ushirika vinayaona kila msimu.

Siku 30 za usuluhishi ni chache kwa mwanasheria, na nyingi mno kwa kahawa mbivu. Palipo na njia iliyokuwa ikitumiwa na umma hadi jana yake, ingefaa chombo cha kijiji au cha kata kiwe na uwezo wa kuagiza ibaki wazi hadi mwafaka au hukumu ipatikane. Mwenye shamba hapotezi kitu kisichoweza kurudishwa akisubiri miezi miwili. Mwanachama ambaye mazao yake yamechacha amekwisha kupoteza.

Utaratibu wa njia ya jumuiya nao uko mbali na watu. Kupeleka maombi kwa Kamishna wa Ardhi kunafaa kwa bomba la maji la wilaya nzima. Kwa kichochoro cha hatua mia mbili ni kutumia shoka kumenya yai. Mamlaka ya kuweka njia fupi za ndani ya kijiji yangeshushwa kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na rufaa zikaenda wilayani.

Nchi nyingine zimeyapitia haya. Nchini Kenya mashamba yalianza kuunganishwa na kuandikishwa kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Katika mashauri ya 1972 na 1973 mahakama ziliamua kwamba madai ya kimila ambayo hayakuingia katika daftari hayawezi kusimama mbele ya hati. Njia hata hivyo zilipata kinga: sheria ya uandikishaji ya 1963 ilizihifadhi zile zilizokuwapo wakati wa uandikishaji wa kwanza hata kama hazikuandikwa, na sheria ya 2012 imeendeleza kinga hiyo. Tena, huko matumizi ya wazi, ya amani na yasiyokatizwa kwa miaka 20 huweza kuzaa haki ya njia. Na mwenye ardhi iliyozungukwa pande zote aweza, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, kuiomba mahakama impe njia. Mahakama hupima hali ya pande zote mbili na kuagiza fidia. Kanuni hizi tatu zingefaa kuandikwa kwa lugha nyepesi katika sheria ya vijiji ya Tanzania.

Uingereza yenyewe, ambako nako miaka 20 hutosha kuifanya njia kuwa ya umma, iliagiza mwaka 1949 kila wilaya ya utawala ichore ramani rasmi ya njia za miguu. Mwaka 2000 Bunge liliamua kwamba njia za kale zisizoingizwa katika ramani hadi tarehe 1 Januari 2026 zingepotea. Mwaka 2020 chama cha watembea kwa miguu kilikadiria kwamba njia zilizosahauliwa katika England na Wales zilifikia maili 49,000. Tarehe ikasogezwa England hadi 2031, na mwishoni mwa 2024 serikali ikatangaza nia ya kuufuta ukomo huo kabisa. Nchi yenye mabohari ya ramani na miaka zaidi ya sabini ya kuandika bado haijamaliza. Hilo lisimkatishe tamaa mtu. Linaonesha tu kwamba ukomo wa tarehe humuumiza mpitaji, na kwamba uhakiki wa ardhi unaofanywa mbiombio kwa ajili ya kuhesabu idadi ya hati utaacha njia nyingi nje ya daftari.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 imetolewa toleo jipya, lililozinduliwa Machi 2025. Sera inapobadilika sheria hufuata, na maoni ya vyama huwa na uzito yakifika mapema yakiwa na mifano halisi: njia ipi, ya nani, ilifungwa lini, na mavuno kiasi gani yaliharibika. Makatibu waweza kuyakusanya na kuyapeleka kwa Chama Kikuu.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

Njia ngapi hutumiwa na wanachama kufikia ghala, mtambo, josho au kituo cha chama chenu, na ni ipi kati yake imeandikwa katika masjala ya kijiji? Kiwanja cha chama kilitolewa na nani, na ni wazee gani walio hai wanaolijua jambo hilo? Kijiji chenu kimekwisha kupimwa au kitapimwa, na ni nani katika kamati ya uhakiki atakayezisemea njia? Jirani akiwaambia leo kwamba kuanzia wiki ijayo atatia lango, karatasi ya kwanza mtakayoitoa jaladani ni ipi?